Nilikuwa na Visu 31 na Hakuna Hata Kimoja Kilichokata Nyanya

Wacha niseme mapema ndio mnitusi mapema: mtu akikusanya visu miaka minne, na bado anavikusanya vile alivikusanya siku ya kwanza, huyo si mkusanyaji. Huyo anaweka risiti zenye makali.

Wiki jana niliposti video ya meza yangu. Visu vinne tu. Kwa wageni hapa, meza hiyo hiyo miaka miwili iliyopita ilikuwa na visu 31, nimevipanga kwa urefu, na taa ya buluu nyuma kama duka la simu. Komenti zikaanza kunyesha. "Umesota?" "Uliuza ukalipa rent?" "Buda ulikuwa mkusanyaji, saa hii unakaa mama mboga."

Hiyo ya mama mboga nitairudia. Shikilia hapo.

Lakini kuna komenti moja ya upole ndiyo ilinikosesha usingizi. Mtu mzima, mkusanyaji wa miaka mingi, anaheshimika kwenye hii hobi. Aliandika hivi, nafupisha: usijali kijana, unakomaa tu. Sisi sote tulianza na vitoyi, tukapanda hadi vyuma vizuri, mwishowe tukafika kwa visu vya kale vyenye historia. Hiyo ndiyo ngazi.

Watu 200 na kitu walilike. Na mimi nasema hiyo ngazi ni uongo. Nimeipanda yote, kidato kwa kidato. Kile cha juu, kile mnachokiita kukomaa, ndicho nilichofanyia makosa makubwa kuliko vyote. Wacha niwaeleze.

Kidato cha kwanza: kisu cha kuonyesha

Nilianza nikiwa mwaka wa kwanza kampasi. Pesa ya HELB iliingia, na badala ya kulipa kile ilifaa kulipa, niliagiza kisu cha kipepeo. Mnakijua, kile chenye mipini miwili inayozunguka vidoleni kikilia chaka-chaka-chaka. Sikuwa na kazi nacho hata moja. Nilitaka video. Na video ilipata watazamaji kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kuposti, kwa hivyo nikanunua cha pili, cha tatu, cha sita. Kampasi niliacha mwaka wa pili. Visu sikuacha.

Sasa sikia. Kuna kijana wa kidato cha pili hapa mtaani kwetu. Alikuwa anatazama kila kitu changu. Siku moja alibeba kisu kama changu hadi shule, si kumdunga mtu, ni kuzungusha tu wenzake wamwone. Kikampasua mwenzake mkononi. Nyuzi saba. Akatumwa nyumbani, na mamake akaja kwenye kibanda cha mamangu. Hakuja na kelele. Alikaa kwenye benchi, akaagiza chai, akasema, "Mama nani, mimi nimekuja tu unisaidie kuongea na mtoto wako."

Mamangu hakunipigia kelele pia. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Nilifuta video 40 usiku huo.

Na kabla hujaniambia ati kisu hakina makosa, ni mtu: ni kweli, na mtu mwenyewe ni mimi niliyekuwa nakizungusha mbele ya watoto nikicheka. Sheria ya Kenya nayo haijali kama ni hobi. Kutembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kutisha watu, ni kosa kwenye Sheria ya Adhabu, Sura ya 63. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa kama una wafuasi wengi."

Kidato cha pili: kisu cha namba

Nikasema nimekomaa. Vitoyi basi. Sasa mimi ni mtu wa chuma.

Kama hujawahi kuwa kwenye vikundi vya wapenda visu, hapo watu hawaulizi kisu kinafanya nini. Wanauliza ni chuma gani. Wanataja herufi na namba kama watu wa kamari: D2, VG-10, 440C. Wanataja ugumu kwa kipimo cha Rockwell. Na mimi nilizimeza zote. Naeza kukuambia saa hii kwamba chuma kisichoshika kutu kinahitaji kromiamu ya karibu asilimia 10.5 kwenda juu, na kwamba Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikitengeneza mwaka wa 1913. Naeza kukuambia visu vingi vya jikoni vya Ulaya viko karibu 56 hadi 58 kwenye hicho kipimo, vya Kijapani mara nyingi hupita 60, na kwamba kisu kigumu sana hudumu na makali lakini ukikigonga kwa mfupa kinamenyeka ncha.

Yote hiyo ni kweli. Yote hiyo ni tamu. Na yote hiyo niliijua bila kuwa nimekata kitu.

Kilele kilikuwa kisu cha Dameski. Hizo zenye mawimbi kama maji kwenye chuma. Nyingi zinazouzwa mtandaoni kwa bei yetu hutoka Wazirabad, Pakistan, mji ambao umefanya kazi ya visu kwa vizazi. Changu kiliandikwa tabaka 256. Nikakipeleka kibandani kwa mamangu, kamera ikiwa tayari, nikamwambia, "Mathe, katia nyanya na hii."

Akajaribu. Nyanya ikabonyea. Akajaribu tena, ikapasuka, maji yakamrukia leso. Akakiangalia kile kisu upande huu na upande ule, akauliza, "Kwani hiki ni cha kukata ama ni picha?"

Kisha akachukua chake. Hakina jina. Mpini ni mbao, umefungwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Kimenolewa miaka mingi hadi kimekonda, kimekuwa kama jani la mwanzi. Hukinoa kwa jiwe analoliweka kando ya jiko, mara tano hivi, mara tano vile, hata haangalii. Nyanya ikalala vipande vyembamba hadi unaona mwanga.

Mawimbi hayakati, wasee. Tabaka hazikati. Kinachokata ni vile chuma kilichomwa na kupozwa, pembe ya makali, na mkono wa anayenoa. Nilikuwa na visu 31 na sijui kunoa hata kimoja. Nenda kwa mama mboga yeyote hapa Kitengela jioni, mwambie akukatie sukuma ya bob ishirini. Hatumii ubao. Anashika fungu mkononi, kisu kinapita nusu inchi kutoka kwa kidole gumba, na majani yanashuka kama nyuzi. Kwa hivyo wewe uliyeandika nakaa mama mboga, asante. Bado sijafika. Najaribu.

Kidato cha tatu: kisu cha historia

Hapa ndipo nataka tukosane vizuri.

Baada ya aibu ya nyanya nikaingia kwa simi. Nikajiambia, sasa nimerudi nyumbani, sasa napenda vitu vyetu. Na kwa kweli simi ya Kimaasai, olalem, ni kitu cha kupendwa. Haina kinga ya mkono. Inaanza nyembamba karibu na mpini, inapanuka ikielekea mwisho, ndio uzito ukae mbele na mkono usichoke. Ala yake ni ngozi iliyopakwa nyekundu, inakaa kiunoni upande wa kulia. Ni ya kukata matawi, ni ya kuchinja, ni ya kugawa nyama, na ni ya vita ikibidi. Nyingine za zamani zilitengenezwa kwa tupa iliyochakaa, na nyingine makali yenyewe yaliletwa kutoka viwanda vya Ulaya. Na si kitu cha makumbusho tu: usiku wa leo mwanaume anayelinda geti la ploti yako ana moja kiunoni, na wewe uko ndani unatafuta kisu cha makomando mtandaoni.

Basi nikaanza kutafuta za kale. Siku moja rafiki akanipeleka kwa mzee mmoja upande wa Isinya. Nikamsalimia vizuri, tukanywa chai, nikaomba kuona simi yake. Akaichomoa. Manze, ilikuwa imenolewa hadi ina mng'aro wa maji. Nikataja bei. Nikaongeza bei. Mzee akaniangalia, akauliza kwa upole kabisa, "Kijana wangu, wewe utaikatia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikasema nitaitunza. Akacheka kidogo. "Hii imetunzwa," akasema, akairudisha kwenye ala.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua simu. Kuna jamaa wa kuuza alikuwa ananitumia picha. Simi saba, kwa mkeka, za kale zote. Nikamuuliza amezitoa wapi zote kwa mara moja. Akajibu, na bado naikumbuka neno kwa neno: "Ni huu ukame. Saa hii watu wanaachilia bei ya chini."

Mnakumbuka ule ukame. Kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua mfululizo ikakataa. Kajiado, mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara ya Namanga. Watu walikuwa wanauza ng'ombe aliyekonda kwa bei ya mbuzi kabla hajafa. Na mimi, kijana wa kupenda utamaduni, nikaangalia zile picha saba nikachagua mbili.

Hiyo ndiyo ngazi mnayoisifu. Kidato cha kwanza niliumiza mtoto mmoja kwa ujinga. Kidato cha pili nilijiumiza mwenyewe mfukoni. Kidato cha tatu nilinunua urithi wa watu walipokuwa na njaa, na hapo ndipo mlianza kuniita mkusanyaji wa maana.

Najua jibu lenu. Nililitumia mimi mwenyewe. "Sisi tunahifadhi. Tusiponunua, kitaliwa na kutu, ama kitauziwa mtalii akining'inize ukutani huko kwao."

Sawa. Basi nijibu hili. Mwaka wa 2017, Samwel Nangiria, Mmaasai kutoka Loliondo, Tanzania, alifika kwenye makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, akakuta vitu vya watu wake kwenye kabati. Baadaye wazee wa Kimaasai wa Kenya na Tanzania wakaenda wenyewe, na kati ya vile vitu wakaonyesha vitano ambavyo havikufaa kuwa pale kabisa. Kimoja ni orkatar, bangili ambayo baba humwachia mwanawe. Haiuzwi. Haipewi mgeni. Ikiwa iko Uingereza, kuna jambo baya lilitokea mahali kabla haijafika huko.

Hiyo habari ilipotoka sisi sote tulikasirika. Mimi niliifanyia video! Nilisema wazungu warudishe vitu vyetu. Na nyuma yangu kwenye ile video, ukiangalia vizuri, unaona simi mbili nilizonunua kwa bei ya njaa.

Tofauti yetu na ile makumbusho ni moja: wao angalau wana daftari. Wameandika kitu kilitoka wapi, nani alikileta, mwaka gani, na ndiyo maana wazee waliweza kwenda kuuliza. Mimi nilichokuwa nimeandika ni bei. Sikujua jina la boma. Sikujua kama aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza, ama ni kijana aliyeichukua babake akiwa malishoni. Huko si kuhifadhi. Unahifadhi vipi historia ambayo umeikata mwenyewe siku uliyolipa?

Na tusijifanye hatujui tunaishi wapi. Hapa Kitengela palikuwa ranchi ya kikundi. Iligawanywa mwaka wa 1988, kila mwanachama kipande chake, kisha vipande vikakatwa vipande, ndio hizi hamsini kwa mia tunazopangisha. Mimi nalala kwenye moja. Kwanza ardhi ilienda. Halafu malisho, halafu ng'ombe. Sasa tumebakisha kuuliza, "Na hiyo ya kiunoni, mzee, unaachilia ngapi?"

Na fundi je?

Kitu kingine ambacho hii ngazi yenu haina kabisa ni fundi. Mnasifu kisu, mnasifu mwenye kisu, lakini aliyekitengeneza hamna haja naye.

Hii si mpya. Kwa Wamaasai wahunzi walikuwa ukoo wao, Ilkunono, na wengine hawakuoana nao. Hollis, ofisa wa Kiingereza aliyeandika kitabu kuhusu Wamaasai mwaka wa 1905, alieleza kwamba mtu akipokea simi ama mkuki ulioshikwa na mhunzi, alijipaka mafuta mkononi kwanza, ndio asiushike kwa mkono mtupu. Fikiria. Silaha inayomfanya mtu kuwa moran, imetoka kwa mtu ambaye hawezi kumshika mkono.

Kabla hujawahukumu watu wa 1905, jiangalie. Unalipa elfu nane kwa kisu cha Pakistan, usafiri juu, na fundi wa jua kali akikuambia elfu moja na mia tano unamwambia apunguze, si ni chuma chakavu tu. Wewe pia unajipaka mafuta mkononi.

Mimi nilienda kwa fundi mmoja hapa kando ya barabara ya Namanga, kijana wa rika langu. Nikamlipa alichosema, nikaomba nikae nitazame. Alichukua kipande cha springi ya lori. Hicho ni chuma cha maana, kilitengenezwa kubeba tani na kujikunja bila kuvunjika. Akakichoma kwa mkaa na feni, akakigonga, akakichoma tena. Ana sumaku ya spika iliyokufa ameifunga kwa waya: chuma kikifika moto wa kutosha sumaku haikishiki tena, anakiacha moto kidogo zaidi, ndipo anakizamisha kwenye mafuta ya injini. Kisha anakirudisha kwenye joto la chini ndio kisivunjike kama glasi. Hakunitajia Rockwell hata mara moja. Ile fizikia yote niliyokuwa naringa nayo kwenye vikundi, yeye anaifanya kwa sumaku ya spika.

Hicho kisu kinakata nyanya. Mathe amekipitisha. Alisema, "Hiki sasa ni kisu," akakiweka upande wake wa jiko, imebidi nikiombe kila nikikitaka.

Kwa hivyo, vinne

Kwa nini nimebaki na vinne? Kimoja ni hicho cha fundi. Cha pili ni kile cha zamani cha mamangu, kilichokonda, alinipa niwe najifunzia kunoa. Cha tatu ni Okapi ya mjomba wangu, ile ya kukunja yenye mwezi na nyota kwenye mpini. Aliibeba mfukoni hadi alipofariki, ikimenya machungwa. Vile vingine niliuza kwa watu wazima, sikuuzia mtoto.

Sisemi usikusanye. Napenda visu hadi kesho. Nasema acheni kutuambia kwamba kukomaa ni kununua vitu vya bei zaidi na vya zamani zaidi. Kabla hujalipa, jibu lile swali la mzee wa Isinya: utakikatia nini? Kama ni cha kale, uliza kilitoka boma gani, na aliyekiuza alikuwa nani kwa mwenyewe. Muuzaji asipojua, ama asipotaka ujue, usinunue, hata kikiwa kizuri namna gani. Hasa kikiwa kizuri. Na kama unataka simi, mafundi wapo, nenda ukatengenezewe mpya, ulipe bei kamili, ukate nayo miti hadi iwe na historia yako mwenyewe.

Cha nne ni simi. Zile mbili nilizonunua, moja nilifanikiwa kuirudisha. Ilikuwa imetoka karibu na Bissil, rafiki akauliza huku na huku hadi tukapata nyumba. Mwenyewe alinishukuru, akanipa maziwa, na sijawahi kuona aibu kama ile maishani mwangu. Nilitamani angenifukuza.

Hii ya pili imeshindikana. Yule muuzaji alinizuia siku nilipoanza kuuliza maswali. Ala yake imeshonwa upya karibu na ncha kwa uzi wa nailoni wa buluu, na ndani ya mpini, chini ya ngozi, kuna alama ambayo siielezi hapa ndio nijue anayeniandikia ni mwenyewe. Kwenye ile video mliiona mezani mkadhani ni yangu. Si yangu. Iko kwangu tu.

Kama wewe ni wa Kajiado na nyumbani kwenu kuna simi iliyoondoka wakati wa ukame, uliza wazee kuhusu huo uzi wa buluu. Inbox iko wazi. Nauli ya kuileta ni juu yangu.

Na kwa yule mkubwa wa komenti, kwa heshima: wewe ukutani kwako una ngapi, na ni ngapi unajua zilitoka wapi?